Fuma Iyu na Fuma Tini: Kiswahili cha ng'ambo ya mpaka

Jahazi linalotoka Lamu kwenda Kismayo, likishapita Ras Kiamboni, huandamana na mlolongo mrefu wa visiwa vya matumbawe: Chula, Chovai, Ngumi, Koyama, Fuma. Wenyeji husema Fuma Iyu na Fuma Tini, yaani ya juu na ya chini. Msikilizaji wa Tanga hahitaji mkalimani. Hata jina la Kismayo, kwa maelezo ya Wabajuni, ni "kisima iyu".

Visiwa hivi ni vyembamba na vikavu. Upande wa nje mwamba huvunja mawimbi ya bahari kuu. Upande wa ndani kuna maji tulivu yanayofaa vyombo vidogo. Maji ya kunywa ni ya visima na mvua, hivyo riziki ikatafutwa baharini.

Masimulizi ya Wabajuni huanzia Shungwaya. Wanaisimu wanakiweka Kibajuni katika kundi la Kisabaki, pamoja na Kipokomo na Kimijikenda. Mwanaakiolojia Neville Chittick, aliyeikagua pwani hiyo mwaka 1968, alikuta magofu ya misikiti na makaburi ya mawe. Chombo cha zamani cha pwani hii kilikuwa mtepe, ulioshonwa kwa kamba za nazi, tanga lake mkeka. Wapolinesia nao waliivuka Pasifiki kwa vyombo vya kamba za nazi; ndugu zao wa lugha walifika Madagascar, na wataalamu wengi huihusisha ngalawa yetu na wageni hao.

Mwaka 1925 Uingereza iliikabidhi Italia Jubaland, na ukoo mmoja ukawa chini ya bendera mbili. Vita vya 1991 vikawasukuma wengi Mombasa kwa mashua. Baadhi walifika Uingereza, ambako maofisa wa uhamiaji wamekuwa wakiwauliza majina ya visiwa na kupima lafudhi yao, wabaini kama kweli ni wa Somalia. Kijana aliyekulia Mombasa na kuzungumza Kimvita anaweza kukosa hifadhi kwa kisiwa alichokiacha akiwa mgongoni mwa mama.

Somalia ilikamilisha uanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki Machi 4, 2024. Rais Hassan Sheikh Mohamud alikihimiza chuo kikuu cha taifa mjini Mogadishu kifundishe Kiswahili. Walimu wangeweza kuanza kutafutwa Fuma.