Dawa Iliyo Njiani: Miti ya Tiba kutoka Lodwar hadi Kakuma

Ukiuliza mjini Lodwar ilipo dawa ya kikohozi, mzee atanyoosha mkono kuelekea magharibi, kwenye milima ya Loima. Ukiuliza ya minyoo, atakuuliza kwanza mifugo yako inalisha wapi mwaka huu. Ya meno iko karibu, kando ya mto Turkwel, na mtoto akitumwa ataileta kabla chai haijachemka. Katika nchi ya Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya, dawa haikai kabatini. Imetawanyika juu ya ardhi pana, ikifuata maji, mawe na mchanga, na anayeijua ni yule aliyeitembea ardhi hiyo tangu utotoni, nyuma ya mbuzi na ngamia.

Nalisema hili mapema kwa sababu tumezoea vitabu vinavyoipanga mitishamba kwa safu: huu wa tumbo, huu wa kichwa, chemsha, chuja, kunywa. Mwanajiografia W.T.W. Morgan, aliyechapisha utafiti wake juu ya mimea ya Waturkana mwaka 1981, aliwaandika watu na mifugo yao kwa pamoja, na hapo alipatia. Mfugaji haugawi mti kati ya zizi na nyumba. Gome linalomwondolea mbuzi minyoo ndilo atakalopewa mtoto, kwa kipimo kidogo zaidi, na mkono unaolipima ni uleule.

Nianze na ulio karibu zaidi. Esekon ndio mswaki, Salvadora persica, mti mfupi wenye matawi yaliyoinama hadi chini, unaobaki kijani hata kiangazi kinapokausha kila kitu kilichouzunguka. Hukatwa kijiti cha unene wa kidole kidogo, au kipande cha mzizi kwa wanaopenda ukali. Ncha hubanduliwa ganda kisha hutafunwa polepole mpaka nyuzi zifunguke. Ladha yake huwasha kama haradali, halafu mdomo mzima hupoa. Wanaume hutembea nacho mdomoni wakienda mnadani, wakisugua jino moja baada ya jingine huku mazungumzo yakiendelea. Matunda yake madogo huliwa na watoto na ndege, na majani yake yenye chumvichumvi ni chakula cha ngamia. Huko Pwani mswaki huo huo umeshikwa kwa karne nyingi kama Sunna ya Mtume, na mfanyabiashara Msomali anayeuuza Kakuma akiwa ameufunga vifungu-vifungu hana haja ya kumfundisha Mturkana matumizi yake.

Echuchuka ni mshubiri wa huku, Aloe turkanensis. Humea kwa makundi chini ya vichaka, majani yake yana madoadoa meupe na kingo zenye miiba midogo. Aliyejikata kwa kisu au kuchomwa na moto hukata jani, huliinamisha ili utomvu wa njano utoke, kisha hupaka ute ulio ndani juu ya kidonda. Utomvu huo wa njano ni mchungu kupita kiasi na huendesha tumbo kwa nguvu. Ndiyo maana wazee huutumia kwa woga, na mwanamke mjamzito hapaswi kuukaribia. Watu wa nje waliuona utomvu huo kwa jicho la biashara, wakaja kuununua kwa wingi, mimea ikang'olewa. Mwaka 1986 Rais Moi alipiga marufuku uvunaji wa mishubiri ya porini kote Kenya, na tangu mwaka 2007 kuna kanuni zinazoeleza nani anaruhusiwa kuivuna na kwa masharti gani.

Kwenye vilima unapatikana eusugu, ambao Waswahili wa pwani huuita mjafari. Ukiuona mara moja hutausahau: shina lake limejaa vinundu vinene, na kila kinundu kimebeba mwiba juu yake. Gome hubanduliwa kwa uangalifu, huchemshwa kwa kikohozi, mafua na homa. Wengine hulitafuna tu. Ukilitia mdomoni ulimi hufa ganzi kidogo na mate hububujika, na aliyekuwa na koo lililoziba huhisi njia imefunguka. Wasamburu wanaupika katika chai, nao Wakaramoja walio ng'ambo ya mpaka wa Uganda wanaujua kwa jina lisilotofautiana sana na la Waturkana.

Wa minyoo ni ekapangiteng, Albizia anthelmintica. Wamasai wanauita mukutan, na sifa yake imeenea Afrika Mashariki nzima, kwa watu na kwa kondoo pia. Gome hulowekwa au huchemshwa, na maji yake hunywewa asubuhi kabla ya kula. Lakini hii si dawa ya mchezo. Ikizidi humwumiza mgonjwa kuliko minyoo yenyewe, na hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema mitishamba haina madhara kwa kuwa ni ya asili. Wazee wenyewe hawasemi hivyo. Hutazama mwili wa mgonjwa, huuliza alikula nini jana, na kama amedhoofika kwa njaa humwambia asubiri.

Miti mingine naipita haraka. Ukwaju, unaoitwa epeduru, hulowekwa ukanywewa kulainisha tumbo na kupooza homa. Katika nyanda kame za kaskazini mizizi ya miti ya jamii ya Maerua hutiwa kwenye maji ya tope ili tope lizame chini, na katika nchi ambako maji ya kunywa huchimbwa kwenye mchanga wa mto uliokauka, hiyo nayo ni tiba. Mwarobaini si mti wa asili hapa, ila umepandwa kila uani Lodwar na Kakuma kwa ajili ya kivuli, na majani yake machungu yamekwisha kuingia katika dawa za homa za nyumbani.

Hata hivyo, mti ni sehemu tu ya uganga wa Waturkana, na mara nyingi si sehemu kubwa. Mafuta ya mkia wa kondoo yanatibu zaidi ya gome lolote: hunywewa, hupakwa, na kwa mikono ya mama mzee aliyezoea kazi hiyo hutumika kukanda tumbo lililokaza au mgongo ulioteguka. Mwanamke aliyejifungua huchinjiwa mbuzi au kondoo, akapewa damu, mchuzi na mafuta ili arudishe nguvu. Udongo wa rangi, emunyen, hupakwa mwilini mwa mgonjwa. Na ugonjwa unapokataa kuondoka, au unapowaangukia watu wengi kwa mpigo, huendewa emuron.

Emuron huota ndoto zinazotoka kwa Akuj, Mungu. Wapo wanaorusha viatu vya ngozi hewani na kusoma jinsi vilivyoanguka, na wapo wanaosoma matumbo ya mnyama aliyechinjwa. Jibu lake mara nyingi si jina la mmea. Ni rangi ya mnyama: mbuzi mweusi mtupu, au kondoo mwenye kichwa cheupe, au mwenye mabaka ya namna fulani, na jamaa wote wataanza kuulizana ni zizi la nani lina mnyama huyo. Atakapopatikana huchinjwa, majani mabichi yaliyosagika tumboni mwake hupakwa kwenye mwili wa mgonjwa, na nyama huliwa na waliohudhuria. Mtu anaweza kuyatazama haya akaona ushirikina. Mimi naona mgonjwa ambaye ukoo mzima umelazimika kumtafutia mnyama, kukaa naye, kula pamoja mbele yake na kutaja hadharani magomvi yaliyofichwa. Kulala peke yake akitazama ukuta, jambo ambalo linawapata wagonjwa wengi wa mijini, halimpati.

Sasa niseme juu ya wenye miti. Kando ya Turkwel na mito mingine ya msimu, Waturkana wana utaratibu uitwao ekwar. Familia fulani ina haki juu ya miti ya sehemu fulani ya ukingo wa mto, hasa migunga, ewoi, ambayo maganda yake huwalisha mbuzi wakati wa kiangazi. Mgeni hukata kwa ruhusa, na haki hiyo hupita kwa watoto. Edmund Barrow, aliyeuchunguza utaratibu huu na kuandika habari zake mwaka 1990, alionyesha kwamba nchi ambayo wengi waliidhani haina mwenyewe ina wenyewe, na wanajuana. Kwa tiba jambo hili lina maana kubwa. Mti wenye mwenyewe haubanduliwi gome mzunguko mzima hadi ukafa. Atakayehitaji gome hupewa upande mmoja, tena baada ya salamu na maelezo.

Ukitoka Lodwar ukaenda takriban kilomita 120 kaskazini-magharibi unafika Kakuma, kando ya laga, yaani mto wa msimu, ya Tarach. Kambi ya wakimbizi ilifunguliwa hapo mwaka 1992 kwa ajili ya vijana na familia kutoka Sudan, kisha wakaja Wasomali, Wahabeshi, Wakongo, Warundi na wengine, na leo pamoja na makazi ya Kalobeyei wanazidi watu 200,000. Kila taifa lilikuja na dawa zake. Kwa Wasomali kuna habasoda, manemane, ubani, na kasili, unga wa majani ya mkunazi ambao wanawake huoshea nywele na uso. Wasudani wanalijua ganda la mgunga wanaloliita garadi, la koo na kifua. Mrundi na Mkongo husifu umubirizi, jani chungu la tumbo na homa. Lugha ya kununulia yote haya ni Kiswahili, kila mtu na lafudhi yake. Mkunazi nao Waturkana wanao, ekalale, wakila matunda yake. Nimeona mama wa Kiturkana akimsikiliza jirani yake Msomali akimweleza kasili, akalipokea tawi, akaligeuza, akacheka kwa mshangao. Miaka yote alikuwa akiwapa mbuzi majani hayo.

Lakini Kakuma ilileta njaa ya kuni. Wakimbizi hawaruhusiwi kukata miti nje ya kambi, na kuni wanazogawiwa hazitoshi kupikia. Anayejaza pengo hilo ni mwanamke wa Kiturkana anayetoka mbali na mzigo wa kuni au gunia la makaa kichwani, akiubadilisha kwa unga, mafuta au fedha ya karo. Simlaumu. Ukame umemmalizia mbuzi, na kuni ndizo zilizobaki. Ila kila mgunga mkubwa unaogeuka makaa unapotea pamoja na kivuli chake, maganda yake na mimea midogo iliyokuwa ikimea chini yake. Wakati huo huo kingo za mito zimevamiwa na mathenge, etirae kwa Kiturkana, mti uliopandwa katika nyanda kame miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa. Umeziba njia za mifugo, umesonga miti ya asili, na unakua mahali palipokuwa ekwar za watu bila kumwomba ruhusa mtu yeyote.

Kwa hiyo nakataa maelezo yanayodai hospitali ndiyo inayoua uganga wa asili. Hospitali inahitajika, na kuna mahali ambapo mti hauwezi kitu. Turkana ilihesabiwa miongoni mwa sehemu zenye ugonjwa mwingi zaidi wa hidatidi duniani, ule wa uvimbe wa maji ndani ya ini na mapafu unaotokana na minyoo ya mbwa. Madaktari wa shirika la AMREF walipoanza mpango wa kuudhibiti mwanzoni mwa miaka ya 1980, tiba ilikuwa upasuaji, vidonge na kuwapa mbwa dawa ya minyoo, na hapana gome lililoweza kufanya kazi hiyo. Vilevile aliyeumwa na nyoka wa mchangani, ambaye sumu yake huzuia damu kuganda, anahitaji dawa ya sumu haraka. Kuchanjwa wembe kunamwongezea damu ya kumwagika. Mtoto anayekatwa kimio kwa kisu kisichosafishwa anaweza kufa kwa jambo ambalo halikuwa ugonjwa. Wazee wenye hekima hawagombani na hospitali kwa haya. Wengi huanza na mti, wakiona siku zinapita humbeba mgonjwa kwa pikipiki hadi zahanati, na akirudi humkanda kwa mafuta.

Sheria nayo imeanza kuwatambua wazee hawa. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inatambua tiba za jadi, na ile ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi inazipa serikali za kaunti kazi ya kusajili maarifa hayo kwa niaba ya jamii zinazoyamiliki. Ningependa kuona Kaunti ya Turkana ikiifanya kazi hiyo pamoja na wachungaji, mitoni na vilimani, wala si ukumbini Lodwar. Jina la mmea na ugonjwa unaotibiwa havitoshi kuandikwa. Daftari hilo litahitaji pia mahali mti ulipo, familia yenye ekwar hiyo, kipimo anachopewa mtu aliyedhoofika, na mwezi ambao gome linaweza kubanduliwa bila kuukausha mti.