Vivumishi visivyobadilika: sheria ya mwenyeji (4)

Siku ya Kiswahili Duniani imeadhimishwa tena Julai 7, na kama kawaida mji umejaa mabango. UNESCO iliitangaza siku hiyo mwaka 2021, na tarehe yenyewe ina uzito kwetu, maana chama cha TANU kilizaliwa Julai 7, 1954. Ni siku ya fahari. Lakini katika mabango hayohayo ya msimu wa kuienzi lugha nimesoma "bidhaa mabora", na nje ya duka la samani, "viti viimara". Aliyeandika hakuwa mvivu. Alifundishwa kwamba kivumishi hupatana na nomino yake, akaona aibu kuliacha neno bila kiambishi. Amejua nusu ya sheria, nayo nusu hiyo ikamponza.

Katika makala tatu zilizotangulia tulifuata upatanisho wa ngeli: kiti kizuri, viti vizuri; mti mrefu, miti mirefu. Leo tuyatazame maneno yasiyotikisika: safi, ghali, bora, thabiti, kamili, halali, huru, muhimu, imara. Tunasema kiti imara, viti imara. Mtu huru, nchi huru, mawazo huru. Nomino igeuke itakavyo, kivumishi kinabaki kilivyo.

Jibu la haraka linalotolewa madarasani ni kwamba maneno haya ni ya kigeni, hayakuzoea viambishi vyetu. Jibu hilo halitoshi. Kitabu nacho kilitoka katika Kiarabu, tukasikia ki- mwanzoni mwake tukakiingiza katika ngeli ya KI-VI; leo hakuna anayeshangaa kusikia vitabu. Madereva wa Dar es Salaam wana kipilefti na vipilefti, kutokana na kibao cha Kiingereza cha kuwaelekeza washike kushoto. Vitenzi vya kigeni navyo vinabeba viambishi bila shida: nilisafiri, watafikiri. Ugeni peke yake, basi, haumzuii mtu kuvaa nguo za hapa.

Kuna jambo kubwa zaidi ambalo wengi hawalijui. Huko Uarabuni kivumishi hubadilika. Neno tulilolipokea kama ghali lina umbo la kiume na la kike, ghali na ghalia. Kamil lina kamila. Vivumishi hivyo hupatana na nomino kwa jinsia na kwa idadi. Vilipofika pwani yetu tulichukua umbo moja tu, tukaliacha lisimame. Kwa hiyo utulivu wa neno "kamili" haukuja na jahazi. Ni sheria iliyowekwa na Waswahili wenyewe, wala haikutungwa ofisini na mtu yeyote.

Na maneno yenyewe tuliyapokea kwa haja. Vivumishi vya asili ya Kibantu katika lugha yetu ni vichache kuliko tunavyodhani. Sehemu kubwa ya kazi hiyo tunaifanya kwa njia nyingine: maji ya moto, mtu mwenye nguvu, kijana anayejituma. Biashara na dini zilileta mambo yaliyotaka maneno mafupi: bei ghali, mali halali, hesabu sawa. Tazama "rahisi". Kwa Kiarabu ni kitu cha bei ndogo. Sisi tukaipanua ikawa pia kazi isiyo ngumu, na maana zote mbili zinaishi pamoja mpaka leo.

Zipo njia za neno la kigeni kuuvuka mpaka wa kutobadilika, nazo zina utaratibu. Neno likipita kwenye kitenzi na kupata mwisho wa -fu, linakuwa la hapa moja kwa moja. Kutokana na amini tuna mtumishi mwaminifu, watumishi waaminifu. Kutokana na tii, mtoto mtiifu, watoto watiifu. Ndiyo maana "dhaifu" linatusumbua. F yake ni ya mzizi wa Kiarabu, lakini sikio la Mswahili linaisikia kama -fu ya mtakatifu na mpungufu, na ulimi unateleza kusema mdhaifu, wadhaifu. Njia ya pili ni neno kugeuka nomino. Julai 25 Tanzania huadhimisha Siku ya Mashujaa, na ma- hiyo ni halali kabisa kwa sababu shujaa hapo ni mtu, si sifa.

Wanaosema kwamba sarufi ni mzigo tuliotwishwa na wageni nawaomba wasome historia. Mmisionari Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akachapisha muhtasari wa sarufi mwaka 1850; kamusi yake ya Kimvita ilitoka 1882, mwaka mmoja baada ya kufariki kwake. Mmisionari mwingine, Steere, alifika Unguja mwaka 1864, na mwaka 1870 akatoa kitabu chake cha mafunzo ya lugha kama inavyosemwa Unguja. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ukachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi 1930, na mwaka 1944 Ethel Ashton akatoa sarufi iliyosomwa na vizazi vya walimu. Wote hao walikaa na wenyeji, wakauliza, wakasikiliza, wakaandika. Walichokiandika kilikuwa tayari vinywani mwa watu wa Mvita na Unguja. Vitabu hivyo vingekuwa katika kila maktaba ya chuo cha ualimu, mwalimu asingefundisha upatanisho nusunusu.

Sheria hiyo bado ni hai. Mwaka 2017 Tanzania nzima ilizungumzia vyeti feki vya watumishi wa umma. Neno limetoka katika Kiingereza, lakini hakuna aliyesema "vyeti vifeki". Cheti feki, noti feki, dawa feki: limeingia kwenye mstari uleule wa "halali", bila kamati wala waraka. Wasemaji wameitunza sheria wasiyojua kwamba wanaitunza.

Kwa mwandika mabango, basi, maswali ni mawili. Je, neno la kigeni limepata -fu kwa kupita kwenye kitenzi? Je, limesimama lenyewe kama nomino? Kama majibu yote ni la, liache: viti imara, bidhaa bora, huduma rahisi. Anayerundika viambishi ili aonekane msomi anaiumiza lugha sawasawa na asiyejali chochote. Elimu ya lugha huanza kwa kuwaheshimu waliotutangulia kuisema.

Wiki ijayo tutatazama vivumishi vya rangi.