Upatanisho wa Kisarufi katika Majina ya Kilatini ya Spishi: Mifano kutoka Rubeho na Dodoma

Milima ya Rubeho, jirani na Kibakwe wilayani Mpwapwa, ni makazi ya kwale aliyeelezwa kisayansi na Fjeldså na Kiure mwaka 2003. Awali aliwekwa kuwa nususpishi ya kwale wa Udzungwa, Xenoperdix udzungwensis, aliyepewa jina mwaka 1994. Tangu alipopandishwa hadhi kuwa spishi kamili, jina lake limeandikwa kwa maumbo mawili: obscurata na obscuratus, yaani ‘aliyetiwa giza’. Tofauti hiyo si kosa la uchapaji. Ni suala la upatanisho wa kisarufi.

Kanuni za Kimataifa za Majina ya Wanyama (toleo la 4, 1999) huelekeza kuwa jina la spishi likiwa kivumishi cha Kilatini, sharti lipatane na jinsi ya jina la jenasi. Kama -dogo inavyokuwa mdogo, kidogo au dogo kwa kufuata ngeli, ndivyo kivumishi hiki kinavyokuwa obscuratus katika jinsi ya kiume, obscurata katika ya kike na obscuratum katika ya kati.

Utata hutokana na perdix, nomino ambayo katika Kilatini huweza kuwa ya kiume au ya kike. Udzungwensis nayo haikutoa ushahidi, kwani vivumishi vya mahali vyenye -ensis vina umbo moja kwa jinsi hizo mbili. Jinsi ya kati pekee ndiyo hudai -ense. Katika hali kama hiyo, Kanuni huichukulia nomino kuwa ya kiume, isipokuwa mwasisi wa jenasi awe ameionyesha kuwa ya kike. Hoja hiyo ndiyo inayounga mkono obscuratus.

Hata hivyo, si kila jina la mahali ni kivumishi. Agama dodomae, mjusi aliyeelezwa na Loveridge mwaka 1923, hubeba nomino katika uhusika milikishi: ‘wa Dodoma’. Umbo hilo halibadiliki hata jenasi ikibadilika. Hapa ulinganisho na Kiswahili hufikia mpaka wake, kwa kuwa -a unganifu hupatana na nomino inayotangulia: mjusi wa Dodoma, kichaka cha Dodoma. Kwa kutobadilika kwake, dodomae hukaribiana zaidi na vivumishi vya mkopo kama safi na hodari, visivyopokea kiambishi cha ngeli.

Suala hili lina uzito nje ya sarufi pia. Kwale wa Rubeho huishi katika eneo dogo la misitu. Mtafiti anayetafuta kumbukumbu zake kwa umbo moja tu la jina huweza kukosa zilizohifadhiwa kwa umbo la pili.