Kinga ya Jua Kutoka Shambani: Mimea ya Rungwe Yaweza Nini, na Haiwezi Nini

Siku nyingi za mwaka, Mpuguso haionekani kuwa mahali pa kuogopa jua. Ukungu hushuka kutoka Mlima Rungwe, migomba hubaki na umande hadi saa nne asubuhi, na mtu hutembea na sweta kuelekea Tukuyu. Ubaridi huo ni mdanganyifu. Mionzi ya urujuanimno, ambayo ndiyo inayoiunguza ngozi, haionekani wala haileti joto. Wingu jepesi huweza kupitisha hadi asilimia 80 ya mionzi hiyo, na kila mita 1,000 za mwinuko huongeza nguvu yake kwa takriban asilimia 10. Vilima vya Rungwe viko juu, na viko karibu na Ikweta. Mtoto mwenye ualbino anayecheza katika uwanja wa shule siku ya mawingu huungua bila kuhisi kwamba anaungua.

Nchini Tanzania hukadiriwa kwamba mtu mmoja kati ya 1,400 hivi ana ualbino, kiwango kikubwa kuliko cha nchi nyingi duniani. Ngozi yake haina melanini ya kutosha kuzuia mionzi kabla haijazifikia chembe hai. Utafiti uliofanywa Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 1985 ulionyesha kwamba madhara ya jua huanza kuonekana tangu utotoni. Saratani inayowapata zaidi ni ile ya chembe bapa za ngozi, hasa kichwani, usoni na shingoni. Ikigunduliwa mapema hukatwa na kupona. Ikichelewa hula sikio, jicho na hatimaye uhai. Kwa hiyo habari za losheni ya kukinga jua, ambazo kwingineko huhesabiwa kuwa habari za urembo, hapa ni habari za tiba.

Moshi walilitambua hilo mapema. Katika Kituo cha Kikanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi, kilichoanzishwa mwaka 1992 ndani ya hospitali ya KCMC, hutengenezwa losheni iitwayo Kilisun, iliyobuniwa mahsusi kwa watu wenye ualbino. Ubunifu huo uliongozwa na mfamasia wa Kihispania, Mafalda Soto, kwa msaada wa kampuni ya kemikali ya BASF ya Ujerumani. Losheni huchanganywa Tanzania kwa mikono ya Watanzania, lakini vichujio vyenyewe, yaani kemikali zinazonyonya mionzi, ni zao la viwanda vya ng'ambo. Hapo ndipo swali la mimea linapoanza kuwa na uzito: je, kichujio chaweza kupatikana katika yale yanayoota karibu nasi?

Swali hilo linaulizwa pia na mataifa tajiri, ijapokuwa kwa sababu nyingine. Jimbo la Hawaii lilipitisha sheria mwaka 2018 ya kuzuia uuzaji wa losheni zenye oksibenzoni na oktinoksati kwa ajili ya kulinda matumbawe, na sheria hiyo ikaanza kutumika mwaka 2021. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani ilipendekeza kwamba ni vichujio viwili tu, oksidi ya zinki na oksidi ya titani, vyenye ushahidi wa kutosha wa usalama, ikaomba takwimu zaidi kuhusu vingine 12. Majaribio yaliyochapishwa mwaka huo na mwaka uliofuata yalionyesha kwamba vichujio kadhaa huingia katika damu. Kuingia katika damu si sawa na kudhuru, na mgonjwa asije akaitupa chupa yake kwa kusikia nusu ya habari hiyo. Kwa mtu mwenye ualbino, hatari ya jua imethibitishwa tayari. Hatari ya kichujio bado inachunguzwa.

Mmea wenyewe hauna kivuli cha kukimbilia. Husimama juani mchana kutwa, na umejitengenezea kinga yake. Majani ya mimea ya jamii ya haradali hubeba molekuli za ukoo wa asidi ya sinapi, ambazo hupokea nguvu ya mionzi na kuigeuza kuwa joto dogo lisilo na madhara, kwa kasi isiyoweza kupimwa kwa saa ya kawaida. Wanakemia wa Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, pamoja na wenzao wa AgroParisTech, Ufaransa, wamekuwa wakiunda molekuli zinazofanana na hizo kutokana na malighafi ya mimea, kwa njia zinazopunguza matumizi ya viyeyusho vyenye sumu. Huo ndio mwelekeo wenye matumaini zaidi: kujifunza umbo la molekuli ya mmea, kisha kuitengeneza safi, kwa kipimo kinachojulikana.

Malighafi ya namna hiyo haiko mbali. Ukishuka kutoka Tukuyu hadi Kyela unakuta mpunga, na baada ya kukoboa hubaki pumba. Mafuta ya pumba za mpunga yana orizanoli, mchanganyiko uliojengwa juu ya asidi ya feruli, nayo hunyonya sehemu ya mionzi ya urujuanimno. Ukipanda kuelekea Mufindi kuna kiwanda cha karatasi cha Mgololo. Kutengeneza karatasi kwa mbao huacha maji meusi yaliyojaa lignini, gundi inayoushikamanisha mti, ambayo kwa kawaida huchomwa kama kuni za kiwanda. Maabara za nchi kadhaa zimeonyesha kwamba lignini ikiongezwa katika losheni hupandisha kinga yake. Kikwazo chake ni rangi: ni ya kahawia, na huacha madoa juu ya ngozi nyeupe ya mtu ambaye tayari amechoka kutazamwa.

Parachichi na chai, ambazo ndizo fahari ya Rungwe, zina nafasi ndogo kuliko inavyosemwa sokoni. Mafuta ya parachichi hulainisha ngozi vizuri na yanafaa kuwa sehemu ya msingi wa losheni. Utafiti wa maabara umeonyesha pia kwamba baadhi ya viambato vya tunda hilo huzisaidia chembe za ngozi kustahimili madhara ya mionzi, lakini watafiti wenyewe walitamka wazi kwamba msaada huo si wa kuchuja jua. Katekini za chai ya kijani, zikipakwa, zimepunguza wekundu wa ngozi iliyopigwa na mionzi. Hata hivyo huharibika upesi zikikutana na hewa, na katika chai nyeusi nyingi kati yake zimekwisha kubadilika majani yalipochachushwa. Vitu hivi ni wasaidizi. Mlinzi wa mlango ni kichujio.

Jambo hili lisemwe bila kuzungukazunguka, kwa sababu wako wazazi wanaompaka mtoto mafuta ya parachichi au nazi asubuhi na kumwachia jua kwa moyo mtulivu. Hata vipimo vya maabara vilivyoyapendelea mafuta ya mimea ya kawaida havikuyapa kinga ya kufikia SPF 10. Vipimo vingine vilikuta karibu na bure. SPF 30 huruhusu takriban sehemu moja tu kati ya 30 za mionzi inayounguza. Mhudumu wa zahanati aweza kumwambia mzazi kwa upole, "Mama, mafuta haya endelea kumpaka jioni ngozi isikauke, lakini mchana hayamzuilii jua." Namna hiyo haimdharau mtu wala mti wake.

Na si kila cha asili ni salama. Maji ya ndimu yakibaki juu ya ngozi iliyo juani huleta malengelenge na mabaka meusi, kwa sababu yana furokumarini zinazochochewa na mionzi ileile. Vivyo hivyo, kununua unga wa zinki na kuukoroga nyumbani katika mafuta ya mgando hakutoi losheni: chembe hushikana mabonge, na kati ya bonge na bonge ngozi hubaki wazi bila mtu kuona. Losheni hupimwa ikiwa imekamilika, si kwa kujumlisha sifa za viambato vyake. Hapa nchini usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania tangu mwaka 2019, na anayetaka kuuza kinga ya jua itokanayo na mimea hana budi kuupitia mlango huo.

Liko pia suala la kiasi, ambalo huwashangaza wengi. Mtu mzima akijipaka mwili mzima ipasavyo hutumia mililita 30 hivi, na hupaswa kurudia kila baada ya saa mbili akiwa nje. Chupa ya mililita 100 humalizika kwa mipako mitatu na ushee. Familia ya mkulima haiwezi kuimudu gharama hiyo, hata kama kichujio kingechumwa Mpuguso. Kwa hiyo kofia yenye ukingo mpana unaozunguka pande zote, shati la mikono mirefu na kuhamishia kazi za shamba asubuhi na jioni hubaki kuwa kinga ya kwanza. Losheni huhifadhiwa kwa uso, masikio, midomo, shingo na migongo ya mikono. Kidonda kisichopona kwa majuma manne katika sehemu hizo kisisubiri losheni yoyote, ya kiwandani wala ya shambani. Kipelekwe hospitali kikiwa bado kidogo.