Figo na dawa za majaribio
Figo ni kichungio cha damu. Namna fulani za urithi uitwao APOL1, ulio kwa baadhi ya watu wenye asili ya Afrika, zaweza kukiharibu: protini humwagika katika mkojo, figo hufa polepole. Matokeo ya 2023 ya dawa inaxaplin yalionyesha kwamba, kwa wagonjwa 13, protini hiyo ilipungua karibu nusu katika majuma 13. Majaribio makubwa zaidi yakafuata.

«Tutafanywa panya?» Hapana. Kanuni ni hii: mgonjwa huelezwa, hukubali mwenyewe, na aweza kujitoa siku yoyote. Hapa kwetu Kivu ya Kaskazini, wagonjwa wa Ebola walijaribiwa dawa nne tangu Novemba 2018. Agosti 2019 mbili zilionekana kuokoa wengi zaidi.

Mkojo ukitoa povu kila siku, au miguu ikivimba, usingoje: njoo upimwe.