Mwuguzi na Jina la Mgonjwa

Atokaye katikati ya mji wa Nairobi na kushika njia ya kuelekea magharibi hafiki mbali kabla ya kuyaona majengo marefu ya Hospitali Kuu ya Taifa ya Kenyatta, karibu na Barabara ya Ngong. Hospitali hiyo ilianza mwaka 1901 ikiwa na vitanda 40 tu, kwa ajili ya Waafrika. Mwaka 1952 iliitwa King George VI, na jina la sasa ililipata mwaka 1964. Wagonjwa huletwa humo kutoka Kawangware, Kangemi, Dagoretti na kila upande wa Kenya.

Watu wengi hudhani kwamba kazi ya mwuguzi ni kuchoma sindano na kutandika vitanda. Kazi hizo zipo, lakini kuna jambo lizitanguliazo zote, nalo ni kujua kwa hakika ni nani aliyelala katika kitanda kile.

Ubaya wa kulikosa jambo hilo ulionekana katika hospitali hiyo hiyo mwezi wa Februari mwaka 2018. Wanaume wawili walikuwa wameletwa wakiwa wamezimia. Mmoja alikuwa na damu iliyoganda katika ubongo, naye alihitaji kupasuliwa. Wa pili alikuwa amevimba kichwa tu, wala hakuhitaji kisu. Vibandiko vya majina yao vikachanganywa. Asiyehitaji kupasuliwa ndiye aliyepelekwa chumba cha upasuaji, akafunguliwa fuvu la kichwa, na saa kadhaa zilipita kabla ya madaktari kutambua kwamba damu waliyoitafuta haikuwamo. Habari ilipotangazwa, watu wanne walisimamishwa kazi: daktari mpasuaji, daktari wa nusukaputi, mwuguzi wa wodi, na mwuguzi aliyempokea mgonjwa mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Yaani mtu yule alipita katika mikono ya wengi, na kila mmoja alikuwa na nafasi ya kuuliza.

Kuuliza kwenyewe kuna namna yake. Katika wodi moja ya Nairobi si ajabu kuwakuta kina Kamau watatu na kina Otieno wawili. Mwuguzi akisema, “Wewe ndiwe Kamau?” mzee mwenye homa kali ataitikia “Naam” hata kama yeye si Kamau, ama kwa kuwa hakusikia vema, ama kwa adabu tu. Kwa hiyo mwuguzi aliyefundishwa vizuri huuliza, “Jina lako kamili ni nani, baba?” kisha husubiri alitaje mwenyewe. Halafu hulilinganisha jina hilo na lililoandikwa katika ukanda wa mkononi na katika cheti, pamoja na tarehe ya kuzaliwa au nambari ya hospitali. Nambari ya kitanda haifai kabisa. Wagonjwa huhamishwa, na katika hospitali za serikali imepata kutokea wawili kulazwa kitanda kimoja wodi zilipojaa. Kwa mgonjwa aliyezimia, ukanda wa mkononi ndio ulimi wake, na mwenye kuufunga hana budi kuusoma mara mbili.

Dawa nazo hutolewa kwa utaratibu huo huo: mgonjwa aliye wake, dawa iliyo yake, kiasi chake, njia yake (kumeza au sindano), na saa yake. Kisha huandikwa pale pale. Mwuguzi asemaye kwamba ataandika baadaye humwacha mwenziwe wa zamu ya usiku akidhani dawa haijatolewa, na mgonjwa akapewa mara mbili.

Kwa upasuaji, Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha mwaka 2008 ambayo huwasimamisha wote mara tatu: kabla ya nusukaputi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla ya mgonjwa kutolewa chumbani. Katika kusimama kwa kwanza, jambo la kwanza kuulizwa ni jina.

Yako mengine ambayo mwuguzi hujifunza mapema. Mikono huoshwa kwa maji na sabuni kwa muda wa sekunde 40 hadi 60, kabla ya kumgusa mgonjwa na baada yake, kwani uchafu wa kidonda kimoja husafiri kwa vidole mpaka kingine. Asiyeweza kujigeuza hugeuzwa, yapata kila saa mbili, asije akafanya vidonda vya mgongo. Pumzi huhesabiwa dakika nzima: mtu mzima aliyetulia huvuta mara 12 hadi 20. Wengine hukisia hesabu hiyo, na hilo ni kosa kubwa, kwa sababu pumzi mara nyingi ndiyo itanguliayo kubadilika mgonjwa anapozidiwa.

Jamaa wafikao saa ya kuwaona wagonjwa wana sehemu yao. Yafaa wamwambie mwuguzi majina yote ya mgonjwa, hata lile aitwalo nyumbani, na dawa alizokuwa akitumia, pamoja na za miti shamba. Jambo liletalo taabu zaidi ni uji. Mgonjwa anayengoja nusukaputi hukatazwa kula, kwani chakula chaweza kupanda kooni akiwa usingizini na kuingia mapafuni. Lakini mama yake, kwa huruma, hufungua chupa na kumpa. Kibao cha kukataza chakula hutundikwa kitandani, na pengine mgonjwa huhamishwa nacho kikabaki pale pale juu ya mgeni mwingine. Kwa sababu hiyo mwuguzi mwangalifu hakitegemei kibao peke yake, bali humwambia mgonjwa mwenyewe, kisha huwaambia na jamaa zake kabla hawajaifungua chupa.