Soja Aliye Kifuani mwa Baba

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, mwanachama wa Chama cha Kiswahili

Wahenga hawakukosea walipolonga kuwa mficha maradhi kifo humwumbua. Nimeanza na methali hii kwa sababu muhula uliopita kulizuka uvumi hapa shuleni kwamba baba yangu "anatembea na stima mwilini" na kwamba yeyote atakayempa mkono atapigwa shoti. Siku ya wazazi kuna kijana wa darasa letu (simtaji, anajijua) aliyemwamkia Baba huku mikono yake ameitia mifukoni. Baba alicheka. Mimi sikucheka. Nikaona badala ya kugombana na watu afadhali niandike, ili kila mtu ajue kilichomo kifuani mwa mzee wangu, kinafanya kazi gani na kinatunzwa vipi.

Kwanza jina. Madaktari hukiita difibrileta ya kupandikizwa. Katika mkutano mmoja wa chama chetu tulijaribu kukitafutia jina la Kiswahili. Wengine wakasema "kishtua moyo", wengine "kigutusha moyo", tukabishana mpaka kengele ikalia. Nyumbani hatuna shida hiyo. Baba hukiita soja, yaani mlinzi wa lango, maana hukaa kimya usiku na mchana na rungu lake kando, na kazi yake kubwa ni kungoja.

Ili uelewe kazi ya soja sharti uelewe moyo. Moyo ni pampu, hilo tulifundishwa tangu shule ya msingi. Lakini pampu hii huendeshwa na umeme mdogo sana unaozalishwa na moyo wenyewe. Kila pigo huanzia sehemu ya juu, umeme ukashuka chini kwa utaratibu na misuli ikajikaza kwa pamoja. Kuna wakati utaratibu huo unavurugika. Vyumba vya chini vya moyo huanza kwenda mbio kupita kiasi, au kutetemeka tu kama nyama ya ng'ombe aliyechinjwa sasa hivi. Moyo unaotetemeka hausukumi damu. Mtu huzirai kwa muda wa sekunde chache, na kila dakika inayopita bila kushtuliwa kwa umeme hupunguza nafasi yake ya kupona kwa asilimia 7 hadi 10. Kwa hiyo hata ukiishi karibu na hospitali, unaweza kufika umechelewa.

Wapenzi wa kandanda wataelewa haraka nikiwakumbusha tarehe 12 Juni 2021. Mjini Copenhagen, Denmaki ilikuwa ikicheza na Ufini katika mashindano ya Ulaya. Muda mfupi kabla ya mapumziko Christian Eriksen alianguka kifudifudi bila mtu kumgusa. Wenzake walimzunguka kama ua ili asionekane, madaktari wakamkandamiza kifua, kisha wakamshtua kwa mashine pale pale nyasini, moyo ukarudi. Siku chache baadaye aliwekewa difibrileta. Desemba mwaka huo aliachana na timu yake, Inter ya Milan, kwa kuwa kanuni za Italia hazikumruhusu kucheza na kifaa hicho mwilini. Wengi walisema basi, kandanda imemwisha. Lakini Januari 2022 Brentford ya Uingereza ilimsajili, katikati ya mwaka akahamia Manchester United, na katika mashindano ya Ulaya ya 2024 akaifungia Denmaki bao dhidi ya Slovenia. Enyi mashabiki wa Manchester hapa shuleni, mlikuwa mkimshangilia mtu mwenye stima mwilini na hamkuogopa!

Aliyekibuni kifaa hiki ni daktari aitwaye Michel Mirowski, mzaliwa wa Warsaw. Mwaka wa 1966 alikuwa akifanya kazi Israeli, na mkubwa wake, Harry Heller, ambaye pia alikuwa rafiki yake, akafa kwa moyo kwenda mbio namna hii. Mirowski akajiuliza: mgonjwa hawezi kulazwa hospitalini maisha yake yote, wala daktari hawezi kumfuata kila aendako, je, kwa nini mashine ya kushtua isitiwe ndani ya mwili wake? Mwaka wa 1968 alihamia Baltimore, Marekani, akashirikiana na Daktari Morton Mower. Wakubwa wa fani walimbeza. Walipotengeneza filamu ya mbwa aliyeanguka, akashtuliwa na kifaa, kisha akainuka akitikisa mkia, kuna waliodai kwamba mbwa huyo alifunzwa kuanguka! Ikabidi wapige filamu nyingine inayoonyesha na michoro ya mapigo ya moyo. Mgonjwa wa kwanza, mwanamke, aliwekewa kifaa hicho tarehe 4 Februari 1980 katika hospitali ya Johns Hopkins. Cha wakati huo kilikuwa na uzito wa karibu robo kilo, kikawekwa tumboni, na kifua kikapasuliwa. Siku hizi kijisanduku kizima kina gramu 70 hivi.

Sasa nirudi nyumbani. Baba ni fundi wa jua kali. Alikuwa akichomelea mageti na madirisha, na watu walikuwa wakitoka mbali kuja kwake. Mwaka wa 2019, nikiwa bado shule ya msingi, alizirai mara mbili. Madaktari wakakuta misuli ya moyo wake imetanuka na kulegea. Moyo wa mtu mwenye afya hutoa zaidi ya nusu ya damu iliyomo katika chumba cha kushoto kila unapopiga. Wa Baba ulikuwa ukitoa chini ya theluthi moja, na moyo wa namna hiyo huweza kuvurugika wakati wowote. Zikafanywa harambee mbili, moja kanisani na nyingine kwenye ploti, akapelekwa Nairobi.

Alipasuliwa kidogo tu chini ya mtulinga wa kushoto. Kijisanduku kikaingizwa chini ya ngozi, na waya mwembamba ukapitishwa ndani ya mshipa wa damu mpaka chumba cha chini cha moyo, upande wa kulia. Waya huo ndio jicho la soja na ndio rungu lake. Huhesabu kila pigo. Moyo ukianza kwenda mbio, soja kwanza hupuliza filimbi, yaani hutoa mapigo madogo ya haraka ambayo mgonjwa pengine hata hayasikii, na mara nyingi moyo hutulia hapo. Usipotulia, au ukiwa unatetemeka kabisa, rungu hutumika. Wale wa fizikia mtafurahia hapa. Betri yenyewe ni ya volti chache tu, lakini hujaza kapasita kwa sekunde kumi hivi mpaka kupita volti 700, kisha zote zikaachiliwa kwa kufumba na kufumbua. Stima ya ukutani kwetu ni volti 240!

Je, ukimgusa Baba wakati huo utakufa? La hasha. Huenda ukasikia mwasho mdogo tu kwenye mkono, wala hautakudhuru. Na wakati wa kawaida hakuna kitu kabisa. Mdogo wangu hulala kifuani pake kila jioni.

Baba mwenyewe lakini husikia, tena si mchezo. Ilimpata mara moja, mwaka wa 2022, akifunga karakana jioni. Anasema aliona giza, kisha akahisi kama punda amempiga teke katikati ya kifua. Akapiga magoti. Alipofumbua macho alikuwa mzima, Mama ndiye aliyekuwa akilia. Tulikuwa tumefundishwa la kufanya: akipigwa mara moja na baadaye ajisikie vizuri, tunapiga simu kliniki siku hiyo hiyo kutoa habari. Akipigwa mara mbili au zaidi kwa siku moja, au apigwe mara moja na abaki na maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi fupi, hakuna kusubiri simu, ni kukimbia hospitali. Tena akianguka na asiamke wala asipumue, tunamkandamiza kifua kama mtu mwingine yeyote. Soja hazuii hilo.

Kile ambacho hatukufundishwa ni woga. Wiki nyingi baada ya siku ile Baba hakutaka kufunga karakana mwenyewe. Alikuwa akikaa akijishika kifua, anasikiliza. Pikipiki yake alikatazwa kuiendesha kwa miezi sita, kwa maana angezirai barabarani angejiua na kuua wengine. Mtu aliyezoea kwenda atakako, leo anaomba kubebwa! Daktari alimwambia kuwa wagonjwa wengi wa kifaa hiki huogopa hivyo na kwamba si aibu kulisema. Mimi naona maneno hayo yalimsaidia kuliko hata dawa.

Kuchomelea ndiko kulikoleta shida kubwa. Mashine ya kuchomelea hupitisha umeme mwingi, na palipo na umeme mwingi pana nguvu za sumaku. Soja anaweza kudanganyika akadhani kelele hizo ni moyo unaotetemeka, akapiga rungu mtu asiye na hatia. Daktari akasema basi, awaachie wengine. Sasa Baba hupima, huchora na kupatana bei, na kijana aliyemwajiri ndiye anayechomelea, yeye akisimama mbali. Faida hugawanywa. Karo yangu tangu hapo imelipwa vipande vipande, basa anajua.

Mambo mengine ni madogo ukiyazoea. Simu haikai mfuko wa shati wa kushoto. Huiweka sikio la kulia, na isikaribie kifaa chini ya sentimita 15. Sumaku kali kama ile ya nyuma ya spika kubwa haisogezwi kifuani, kwani sumaku humwamuru soja aache kulinda. Kwenye milango ya ukaguzi anapita moja kwa moja bila kusimamasimama, na askari mwenye kile kidude cha kupekulia huonyeshwa kadi. Kadi hiyo ina jina la kifaa na tarehe ya kuwekwa, nayo hukaa pamoja na kitambulisho. Televisheni, redio na pasi havina neno. Na dawa hazikatizwi hata siku moja, kwa sababu soja hatibu moyo, anamngojea mwizi tu.

Kliniki ni kila baada ya miezi sita. Mimi ndiye mtunza daftari, na nimeandamana naye mara nne. Muuguzi huweka kidude kama kipanya cha kompyuta juu ya ngozi, na mashine husoma yote bila kumchoma mtu: betri imebaki kiasi gani, waya ni mzima au umeanza kukatika, na moyo ulienda mbio siku gani, saa ngapi. Nilishangaa sana. Jioni ile ya karakana ilikuwamo mle ndani, dakika kwa dakika, kama ilivyoandikwa katika daftari langu. Kuna jambo ambalo tulilijua kwa hasara. Kila kampuni ina mashine yake ya kusomea, na ya kampuni moja haisomi kifaa cha nyingine. Siku moja tulipanda matatu alfajiri, tukafika kliniki fulani, tukaambiwa mashine yetu haipo. Nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, bure! Toka siku hiyo hatuondoki kabla sijapiga simu na kuuliza kwa jina.

Aprili iliyopita, siku ya Jumapili, tulikuwa tunakunywa chai tukasikia mlio wa ti-ti-ti. Kila mmoja akashika simu yake. Mama akainua matakia ya kiti. Kesho yake, saa ile ile, ti-ti-ti. Mdogo wangu ndiye aliyesema, "Baba, ni wewe." Akainamisha sikio kifuani, kweli.

Nilifungua daftari, nikapiga simu. Soja alikuwa akitoa habari kwamba betri yake imefika mwisho wa kazi, na kwamba tuna miezi mitatu hivi ya kumbadilisha. Betri haichajiwi, wala haifunguliwi kama ya tochi. Hubadilishwa kijisanduku chote, na waya huachwa mahali pake ukiwa bado mzuri. Upasuaji wenyewe ni mdogo kuliko wa kwanza, ila kidonda kitahitaji kuangaliwa sana, maana kikivimba, kikiwa chekundu au kikitoa usaha, vijidudu vinaweza kufuata waya mpaka moyoni.

Tumekwisha kupata siku, Jumanne ya pili ya mwezi ujao. Pesa zilizobaki Baba amesema atazipata kwa kuuza pikipiki. Mimi nitakuwa naye, kwa hiyo msinitafute darasani siku hiyo wala Jumatano. Yule kijana wa mikono mifukoni amekwisha kuniahidi kuninakilia maelezo ya kemia.